Alama za Motiba

Ukurasa ulikuwa mweupe mno. Falguni aliutazama kwenye kioo cha kompyuta akadhani ni wa kitabu kingine, akamwomba Jerotich, mhifadhi wa nyaraka katika maktaba ile ya Nakuru, amfungulie mwingine. Nao ulikuwa mweupe. Wa tatu vivyo hivyo. Hapo damu ikaanza kumchemka.

"Ile rangi nyekundu iko wapi?"

"Hizo doa?" Jerotich alitabasamu, akingoja kupongezwa. "Nilitoa zote, madam, kabla ya kupiga picha. Kifutio laini na pamba. Ilikuwa kazi, lakini si unaona vile imekuwa safi?"

Falguni alikifunua kitabu chenyewe, akapitisha kidole pale alama ilipokuwa. Karatasi ilikuwa imekwaruzika kidogo, basi.

Kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, duka la Shantilal lilifungua vitabu vipya vya biashara. Kabla mwanamume yeyote hajashika kalamu, Motiba, mke wa Shantilal, aliitwa kutoka jikoni. Alichovya kidole katika unga mwekundu wa kumkumu uliolowanishwa kwa maji, akaugusa ukurasa wa kwanza kwa baraka, kisha akarudi kwenye sufuria zake. Hakujua kusoma wala kuandika. Wanaume waliandika mengine yote: majora ya vitambaa, mablanketi waliyouziwa wakulima wa Mau Narok, barua za kuwabembeleza Wazungu wawape leseni. Katika makaratasi yote ya ukoo ule uliojigamba kwamba ulisaidia kuujenga mji, mwanamke yule hakuwa na chake isipokuwa alama za kidole.

Ndiyo maana Falguni, kitukuu wake, alipigana na ndugu zake hadi makaratasi hayo yakaletwa maktaba. Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, mji ulipokuwa ukiwaka, aliyapakia mwenyewe kwenye buti la gari huku moshi ukimtoa machozi. Moto ulimwacha Motiba. Pamba ikammaliza.

"Hiyo haikuwa doa," Falguni alisema. "Hiyo ilikuwa mkono ya Motiba. Nani alikuambia utoe?"

Jerotich alimsogezea karatasi ya maagizo. "Brother yako, Nitin. Alisema zionekane safi, kuna watu wa ng'ambo wataziangalia."

Nitin. Mtu ambaye mgeni akikaribia angempaka rangi hata mama yake. Falguni aliisukuma karatasi ile bila kuisoma.

"Na wewe ukafuta tu? Kila kitabu, ukurasa wa kwanza, pahali pamoja. Ni wino gani inamwagika hivyo?"

"Madam, usinipigie kelele." Jerotich alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Kwetu Keringet hatuna Diwali. Nilikupigia simu uje unieleze hizi vitu. Ukasema uko bize, nimuulize Nitin. Nikamuuliza."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimuudhi Falguni kuliko uongo wowote. Alikuwa na hasira ya kummwagia mtu, sasa hakujua amwagie nani. Alimchukia Nitin. Alimchukia mwanamke huyu mwenye mikono makini. Alijichukia yeye mwenyewe pia, ila hilo hakuwa tayari kuliangalia vizuri.

"Kurudisha siwezi," Jerotich alisema, akivuta kibodi. "Lakini naweza andika kwa kila kitabu kwamba alama ilikuwa hapa, ni nani aliiweka, na ni sisi tuliifuta."

"Andika. Na hiyo ya kufuta usiifiche."

"Siifichi." Jerotich alichapa kwa muda, kisha akasita. "Aliitwa nani?"

"Motiba."

"Hiyo ni jina?"

"Ni kama nyanya mkubwa. Kila mtu alimwita hivyo."

"Sawa. Sasa jina yake."

Falguni alimtafuta mwanamke yule kote alikokumbuka, jikoni, hekaluni, kwenye picha za arusi, na kote aliitwa Motiba. Hata kaburi hakuwa nalo la kwenda kusoma. Walimchoma kwa desturi ya Kihindu, majivu yakatawanywa. Alitoa simu akampigia Nitin, na hakumsalimu.

"Motiba aliitwa nani?"

"Si Motiba tu?" Nitin alicheka.

"Jina yake, Nitin."

Kicheko kikakatika.

"Kwani haiko kwa hizo karatasi?" Nitin aliuliza.

Jerotich alikuwa angali ameweka vidole juu ya kibodi, akingoja.