Risasi za Babu Ghanim

Mume wangu Ghanim alianza kujaza risasi kwa mkono wake tulipokuwa Tabora, na tulipohamia Maskati hakuacha. Hapa kwetu Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, alikuwa na chumba kidogo nyuma ya jiko. Baada ya sala ya alasiri huketi mle na maganda yake ya shaba: fataki ya kuwashia chini, baruti ndani, kisha hufunga kwa kichwa cha risasi. Za kulungu huwa na kichwa laini. Za nyati huwa na kichwa kigumu, kipate kupenya ngozi nene na mfupa.

Mwaka 2003 mjukuu wetu Wael alipata kibali cha kwenda kuwinda Tanzania bara pamoja na wajomba zake. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Ghanim alifurahi utadhani anakwenda yeye, akajifungia kumtengenezea risasi.

Lakini siku hizo alishaanza kupotewa na kumbukumbu. Alisali adhuhuri, akatandika tena mswala kuisali upya. Alimwita Wael kwa jina la Ishaq, marehemu ndugu yake. Daktari alitwambia wazi kuwa maradhi yale hayarudi nyuma.

Pelagia, anayetusaidia kazi za nyumbani, alinijia jikoni amekunja kitambaa mkononi.

"Bibi, usinikasirikie. Kila siku nafagia baruti kwenye zulia la Babu. Nilinyamaza nisije nikamwaibisha. Na chetezo cha udi, kwa vile kina makaa, nimekihamishia ukumbini, mbali na mlango wake."

Nilimshika mkono.

Wael alipokuja kuaga, Ghanim alimpa masanduku mawili. "Hizi za kulungu, hizi za nyati. Usininunulie upuuzi wa dukani. Wanaozijaza kwa mashine hawamjui nyati, wala hawakujui wewe."

"Na nyati, Babu, yeye ananijua?"

"Atakujua ukimkosa!"

Walicheka wote wawili. Ghanim akaenda kutawadha. Wael akaniangalia, kicheko kimemwisha, na mimi nikaenda kuchukua mizani yangu ndogo ya kupimia zafarani.

Tulipima zile za nyati, moja moja. Zilitakiwa ziwe na uzito mmoja. Sahani ikapanda, ikashuka, ikapanda. Nyengine nzito kupita kiasi, nyengine nyepesi. Na katikati yake zilikuwamo zenye vichwa laini vya kulungu.

Wael aliinua moja iliyo nyepesi kabisa. "Hii haina baruti, Bibi. Fataki ikilia peke yake, kichwa kinakwama ndani ya mtutu. Nikipiga ya pili, bunduki inanipasukia usoni."

Nikaitenga ile risasi kando ya mizani.

"Ntazichukua," alisema polepole. "Ntamwambia nimezipenda. Za kupigia ntanunua huko huko."

Mungu amzidishie, ule ulikuwa wema. Lakini niliwafikiria wajomba zake kambini, mtu akaishiwa, akafungua sanduku la mwenzake.

"Hapana, babaangu. Zisitoke nyumba hii."

Ghanim alikuwa mlangoni, mikono yake ingali na maji. Aliiona mizani. Alikuja, akaweka risasi mbili, akatazama sahani inavyoinama. Akazigeuza vichwa, akavipapasa kwa kidole gumba. Hilo alilijua bado, na alilijua vizuri.

"Nani kazijaza hizi?" Alitugeukia. "Nani huyu anataka kuniulia mtoto?"

Wael alianza kulifunika sanduku.

"Nani, nauliza!"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama. Hasira zikamwondoka usoni, nikaona zinavyoondoka.

"Wewe, Mahbuba?"

"Nilitaka kukusaidia. Nilikuona umechoka."

"Basi si neno." Alinifuta shavu kwa mkono wake wa baridi. "Wael, safari hii nunua za dukani. Na bibi yako usimseme kitu, umesikia? Kazi hii ngumu."

"Nimesikia, Babu."

Wael alimbusu mkono, akambusu na kichwa, akatoka haraka. Nilimsikia nje akifunga mlango wa gari, asiliwashe.

"Keti," Ghanim aliniambia. "Ntakufundisha. Utajua tu, wewe una subira."

Nilivuta kiti. Alichukua ganda tupu la shaba, akalisimamisha juu ya meza baina yetu.

"Kwanza," alisema.

Akaligeuza mdomo chini. Akaligeuza mdomo juu. Aliangalia kikopo cha fataki, akaangalia cha baruti, mkono wake ukaenda huku, ukasita, ukarudi.

"Kwanza," alisema tena, kisha akaniinulia macho, akiningoja mimi nimwambie.