Mikono ya Kifungu cha Tisa

Saa tano unusu asubuhi, katika ukumbi wa hoteli moja nyuma ya soko la Machakos, kamati ya kuandaa kiwango cha Kyeni ilifika kifungu cha tisa. Kyeni ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ndiyo inayoendesha pampu za visima, mizani ya nafaka na mashine za kusafisha damu hospitalini. Rasimu ya kiwango ilikuwa mezani, nene kama Biblia ya mimbarini, na juu yake wajumbe walikuwa wameweka sahani za mandazi. Kule jikoni mbuzi alishaanza kunukia.

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti, mzee Maundu.

Mikono ikapanda. Walipotaka kuishusha, ikakataa.

Haikuuma. Maundu aliuvuta wake kwa mkono wa pili, akaona vidole vimegeuka kahawia na mistari ya mti imeshuka hadi kiwikoni. "Ni hii baridi ya mashine ya hewa," akasema, na kikao kikaendelea. Mbuzi alipoletwa walimla kwa mkono wa kushoto.

Mjumbe mmoja tu, Nzilani, ndiye ambaye hakuinua mkono, kwa sababu alikuwa bado anasoma.

Daktari alisema hapo hakuna mfupa wa kupiga picha, basi akaitwa Muindi, mchonga vinyago kutoka Wamunyu. Alipita mjumbe baada ya mjumbe akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Jakaranda," akasema.

"Si mpingo?" Maundu akauliza, ameumia moyo kidogo.

"Mpingo ni mzito, mzee. Huu wako ukitupwa mtoni unaelea."

Akawapiga msasa, akawapaka rangi ya kiatu, akawaonya wasiegemee kuta za udongo kwa ajili ya mchwa. Fundi wa nguo akapasua mikono ya mashati. Kanisani, wake zao wakapata pa kutundika mikoba.

Kikao kilichofuata Nzilani aliomba nafasi.

"Mwenyekiti, niko na swali. Kifungu cha tisa kinasema nambari ikizidi nafasi iliyotengewa, mashine ifanye inavyoona vyema. Sasa mashine ya kusafisha damu inaona na nini?"

Wakacheka. Mmoja akasema inaona na macho ya Nzilani, maana ndiyo makali.

"Madam, hicho tulipitisha," akasema Maundu. "Watengenezaji hawapendi kubanwa."

"Mwaitu analazwa kwenye hiyo mashine kila Jumanne."

"Mama tunamwombea. Msalimie sana."

"Sheria yetu inasema akipinga hata mmoja, kifungu kinarudi kuchunguzwa. Nilikuwa hapa, nilikuwa napinga, na haukuuliza wanaopinga."

"Asi! Huyu mama ako na maneno." Maundu akatazama saa. "Haya. Wanaopinga?"

Mikono yote ilikuwa juu.

Katibu akaitazama mikono, kisha akamtazama mwenyekiti. Maundu alijaribu kuuficha wake nyuma ya pazia.

"Naona hata mwenyekiti yuko upande wangu," akasema Nzilani. Wakati wa chakula alimpigia mamake, Mutheu, simu akamwambia kifungu kinarudi. Mutheu akauliza kama wamekula vizuri.

Lakini baada ya chakula Maundu alileta hoja ndogo. Swali la wanaopinga linapoteza muda, akasema, na linawaaibisha wajumbe wenye ulemavu. Liondolewe, na vikao vilivyopita vihesabiwe kana kwamba halikuwako.

"Wanaokubali?"

Mikono ilikuwa juu tayari; kazi ilikuwa imeshafanyika. Kiwango cha Kyeni kikachapishwa mwezi huohuo, na jalada lake lilikuwa zuri.

Jumanne moja, nambari ya maji yaliyotolewa mwilini mwa Mutheu ilizidi nafasi yake. Mashine ikaona vyema kurudi sifuri na kuanza upya. Ikayatafuta yale maji iliyokuwa imeshayatoa, na ilipoyakosa ikachukua mengine. Wachunguzi walikuja, wakafungua kiwango mahali panapohusika, wakasema mashine haina kosa. Ilifuata kiwango.

Mutheu alizikwa nyumbani Katelembo. Kamati ilikuja yote, ikaketi safu ya mbele chini ya hema, imepigwa rangi upya. Mtu alitundika koti lake juu ya katibu.

Jeneza lilipoteremka, mchungaji akachukua kipaza sauti. "Kuna yeyote ako na neno kabla hatujafukia?"

Mikono ya kamati ilikuwa juu.

Mchungaji akaguswa. Akamsogezea Maundu kipaza sauti. Maundu akaangalia mihogo ya jirani. Mchungaji akakisogeza kwa aliyefuata, na aliyefuata akakohoa. Ng'ambo ya kaburi Nzilani alisimama akiwatazama, akisubiri kama kila mtu. Upepo ukapita hemani, mikono ya mbao ikalia kidogo.

"Basi," akasema mchungaji, na wanaume wakashika sepetu.