Mji wa Wanaosubiri Ijumaa

Sina vidole vya asubuhi. Sina magoti ya kupandia ngazi, sina mtoto aliyetaka kurithi cherehani, sina cheti cha shule ya mchana, maana mimi nilisoma jioni, nikiwa mtu mzima mwenye mke, kwa taa ya chemli, pamoja na wapasua mbao na wauza samaki wakavu. Na sina neno siwezi. Hilo sijawahi kuwa nalo, na siku zote nimelihesabu kuwa pengo zuri kuliko mengine. Juu ya mlango wa duka langu hapa Songea nimeandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: IJUMAA NI IJUMAA. Mafundi wengine ukiwapelekea kitambaa wanakwambia njoo kesho, na kesho wanakwambia umeme ulikatika, na keshokutwa wanakwambia vifungo havijafika. Mimi, Longino Mapunda, nikisema Ijumaa, nguo inakusubiri Ijumaa ikiwa imepigwa pasi.

Sasa baridi yabisi imeingia kwenye viungo vyangu na imeweka makazi. Daktari amesema haiponi, inatulizwa tu, kwa dawa na kwa kupumzika, na kwamba zipo siku nzuri na siku mbaya. Hakusema kwamba siku mbaya haipigi hodi. Kila asubuhi mke wangu Theodosia ananifunga vifungo vya shati mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mtu anayewashonea wenzake vifungo hawezi kuonekana akifungwa vya kwake. Ndipo akaja Mwalimu Nchimbi, mkuu wa shule ya jioni, shule ileile iliyonifundisha kusoma, akaniambia, shikamoo mzee wangu, tunataka majoho ya wahitimu, darasa zima, na sherehe ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia, Ijumaa ni Ijumaa. Majoho nimeyakata. Kuyaunga ndiko kumenishinda. Rundo jeusi liko mbele yangu, Ijumaa yenyewe ni ya wiki hii, na mchana huu, baada ya kumeza dawa, naweka paji la uso juu ya kitambaa nipumzike kidogo tu, na kitambaa kinanipokea.

Naingia kwa mkono wa joho. Ni mrefu kuliko nilivyoukata, mweusi, una harufu ya pasi, natambaa ndani yake bila magoti kuniuma, na upande wa pili natokea kwenye barabara ya manjano ambayo ni futi ya kupimia nguo, imetandazwa mpaka macho yanapokomea. Nakanyaga namba, nikigeuka nyuma namba imekuwa nyingine, nikitazama mbele barabara imehama, ilikuwa inapanda sasa inashuka, ilikuwa inakwenda kushoto sasa inarudi kwangu. Kando yake amesimama mwenyeji wangu, na namtambua: ni sanamu la dukani kwangu, lile la kuvalishia nguo, kifua cha kitambaa juu ya mguu mmoja wa mti, halina kichwa wala uso. Nalisemesha, wewe si hukaa dirishani? Linajibu kutoka kifuani, na wewe si hukaa mashineni? Twende. Linaruka kwa mguu wake mmoja, na mimi nafuata, nikiona aibu kidogo kwamba lina mwendo kunizidi.

Tunafika mji wa kwanza, na mji umejaa watu waliovaa nguo nusu. Bibi harusi ana mkono mmoja wa gauni, babu mmoja ana suruali yenye mguu wa kulia peke yake, watoto wana kola zisizo na mashati. Wanacheza bao, wanakunywa chai, wanachekana. Namuuliza bibi harusi, mnasubiri nini hapa? Tunamsubiri Haule, anasema, na mimi naguna, kwa sababu Sabinus Haule ndiye fundi wa ng'ambo ya barabara, mtaa mzima humwita Njoo Kesho, na yeye huniita Mzee wa Ijumaa. Namwambia bibi harusi, na mnamvumilia? Anacheka mpaka mkono wake mmoja wa gauni unapeperuka. Baba, tunamtukana kila siku! Lakini akipita hapa tunampa chai. Leo anatuambia mtoto anaumwa, kesho anatuambia mashine imekufa. Nusu ni uongo. Ile nusu nyingine ni kweli, na kwa hiyo nusu tunajua hali yake. Na wewe, nani anajua hali yako? Najifanya sikusikia. Nalivuta sanamu, twende, hapa si kwangu.

Kwangu ni mji unaofuata. Naujua kwa usafi wake. Njia zimefagiwa, kuta zote ni vioo vya kujaribia nguo, na hakuna mtu. Nageuka huku najiona, nageuka kule najiona, na katika kila kioo shati langu liko wazi, vifungo vyote havijafungwa, kifua cha mzee kiko nje. Nauliza, wateja wangu wako wapi? Sanamu linasema, walichukua nguo zao Ijumaa wakaenda. Nasema, hata mmoja hakubaki? Linasema, abaki kufanya nini? Nakwenda mpaka mwisho wa njia na njia inanirudisha kwenye kioo kilekile, nakwenda tena, inanirudisha tena, na mara ya mwisho mahali pa kioo pana geti, na nyuma ya geti nasikia sauti za watu wazima wakisoma kwa pamoja, ba, be, bi, bo, bu. Ni darasa langu. Sauti nene ile ni ya muuza samaki, ile ya kukwaruza ni ya mpasua mbao, na Mwalimu Nchimbi anawaambia, tulieni wapendwa, majoho yanakuja. Nachungulia ndani. Wamekaa na fulana, wanatetemeka, wanatazama geti. Nasukuma. Halisogei. Sanamu linasimama mbele yangu na kusema, kitendawili. Nasema, tega. Linasema, nampimia kila mtu, changu sikifikii. Nacheka, maana hata shule ya jioni isingeshindwa na hicho. Mgongo, nasema. Fundi hapimi mgongo wake. Umejibu kwa mdomo, linasema. Sasa jibu kwa futi. Hapa anapita aliyepimwa.

Basi naishika futi. Naitupa nyuma ya bega, inaanguka. Naitupa tena, vidole haviikamati ncha. Najipinda mbele ya vioo, na wazee wote wa vioo wanajipinda pamoja nami, wote na vifua wazi, na hakuna hata mmoja anayenisaidia kwa sababu wote ni mimi. Ndani ya geti sauti zinapungua. Ba, be, bi. Ba, be. Taa za chemli zinazimwa moja moja. Muuza samaki anasema, labda fundi amekufa, angekuwa hai angetuambia. Neno hilo linaniingia kuliko baridi. Napaza sauti, kuna mtu? Sijawahi kuita hivyo maishani mwangu. Kuna mtu hapo? Siwezi! Siwezi kuyamaliza peke yangu! Na nyuma yangu mkono unaokota ncha ya futi. Kiooni naona mtu asiye na uso, lakini ananukia tumbaku na mafuta ya cherehani, na anasema, ungesema mapema, kaka. Shusha mabega. Anapitisha chaki kutoka bega mpaka bega, na geti linasogea, na mtu ananitikisa.

Baba Osmunda, chai inapoa, anasema Theodosia. Umelala na uzi mdomoni. Kisha ananigeuza. Na hii chaki mgongoni umejipakaje? Natazama dirishani, sanamu linanitazama mimi wakati nililiacha likitazama barabara. Theodosia anasema huenda aliligeuza akifagia. Huenda.

Natoka mlangoni na shati langu lilivyo, nusu wazi, naita, Haule! Anavuka barabara na mkasi mkononi. Ehe! Mzee wa Ijumaa ananiita mimi? Leo mvua itanyesha ya mawe. Namwonyesha rundo, halafu namwonyesha mikono, na mikono ndiyo migumu zaidi kuonyesha. Hacheki tena. Anasema, nakuona siku nyingi, kaka, unafunga duka kwa kiwiko. Nilisubiri useme. Anayekusaidia hujamwomba si utamtupia pasi? Namwambia, nusu ni yako, na malipo yake ni yako. Anasema, na jina langu la Njoo Kesho likiingia kwenye Ijumaa yako? Namwambia, nitakukalia kooni, bwana mdogo.

Kisha naandika, kwa mwandiko niliofundishwa jioni, polepole, herufi moja inamsubiri mwenzake. Mwalimu, nina baridi yabisi, na haiponi. Nusu ya majoho anashona Sabinus Haule, nami nitayakagua yote. Tangu sasa nafungua duka saa nne, vidole vikishaamka, na siku mbaya ikija nitakuarifu mapema. Kama hili halikufai, kitambaa chako kiko salama, mtume mtu akichukue. Ni mimi, mwanafunzi wako. Theodosia analamba gundi ya bahasha kwa kuwa mdomo wangu umekauka, mimi naifunga kwa kuigandamiza kwa ngumi. Haule anaitia mfukoni. Nitaipeleka kesho, anasema. Tunamtazama, mke wangu na mimi. Leo, kaka, leo, ninakwenda!

Anapanda baiskeli. Naona mgongo wake ukienda, uso wake siuoni, na kwa mbali barabara, kwa jua hili la mchana, ina rangi ya manjano. Nimeshika fremu ya mlango nione kama barabara itahama. Niko upande gani wa joho, sijui. Barua imekwenda.