Majitu ya Mama Maadui

Jumatatu asubuhi Mama Maadui aliyakuta majitu yamekaa kwenye ngazi za ofisi, yakimsubiri afungue mlango. Yalikuwa na sura moja na rungu la aina moja. Yalitofautiana rangi tu. Aliyatambua mara moja, maana aliyachora mwenyewe. Kazi yake katika kampuni ile ya michezo ya kompyuta ilikuwa kubuni maadui wa kupambana na mchezaji, ndiyo maana wenzake walimwita hivyo. Safari hii meneja alikuwa amemwambia hakuna muda wa kubuni wapya: achukue jitu moja, alipake rangi mbalimbali, wachezaji watadhani ni aina nyingi.

"Shikamoo, mama," lilisema jekundu. "Tumechoka."

"Marahaba. Mmechoshwa na nini?"

"Tunakimbia mbele, tunainua rungu, tunakufa. Wote vilevile. Mchezaji anatuua huku anakula."

Hayakuenea kwenye chumba cha mikutano, kwa hiyo akayapeleka kwenye maegesho ya magari ayafundishe huko. Mlinzi alisogeza pikipiki yake ili yapate nafasi.

"Wewe usimvamie mchezaji," aliliambia la kijani. "Jifanye umeshindwa, rudi nyuma, mvute hadi kichochoroni wenzako walipojificha." La buluu alilipa ngao, akalifundisha kuvumilia mapigo mpaka mchezaji aishiwe pumzi. La njano lilikuwa oga. Hilo alilifundisha kurusha mawe kwa mbali na kuhama kabla halijafikiwa. Jekundu halikutaka hila yoyote. Lilitaka kujua tu namna ya kumkinga mwenzake aliyeanguka. Somo hilo liliwachukua mchana kutwa.

Mchezo ulipotoka, wachezaji waliusifu. Walisema ukiingia kichwakichwa umekwisha, lazima utumie akili. Meneja alipita ofisini akimpa mkono kila mtu, na majitu pia, kisha akamwita Mama Maadui.

"Umefanya kazi nzuri sana," alimwambia. "Sasa yanafundishana yenyewe. Nimeyaona jana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui wewe nikupe kazi gani."

Alirudi mezani kwake, akatia kwenye boksi kalamu zake, sweta na picha ya binti yake. Wenzake waliinamia kompyuta zao. Jekundu peke yake liliinuka, likapinda mgongo lipite mlangoni, likambebea boksi hadi kituo cha basi.

"Mama," liliuliza njiani, "yule meneja anapigwaje?"

Mama Maadui alitazama magari pande zote mbili, wakavuka barabara.

"Sijui, mwanangu. Huyo sikumchora mimi."

Basi lilipofika, jitu lilimpitishia boksi dirishani na kumtakia safari njema. Kisha likageuka na kuharakisha kurudi ofisini, kwa sababu saa nane lilikuwa na zamu ya kuuawa.