Makaa Mawili Kichwani mwa Kunegunda

Siku hiyo mjinga alikuwa mzee Rupert mwenyewe, wala hakusingiziwa. Tangu mwaka tisini na nne mkono wa mkewe, Kunegunda, ulikuwa ukitetemeka, naye Rupert akashikilia kuwa mkewe anakunywa pombe ya komoni kwa siri. Kila jioni alimnusa mdomo.

Sasa Kunegunda alikuwa amerudi kutoka kwa binti yao Violeth, Ujerumani, na picha ya ubongo wake iliyopigwa hospitalini huko. Rupert aliiinua dirishani, ukungu wa milima ya Matogoro ukiwa nyuma yake. Ilionyesha kama makaa mawili gizani, moja likififia pale kemikali inayotuliza mkono ilipopungua. Alijiona anatembea humo polepole, akilipuliza.

“Lakini mama Violeth, hata pombe huzima kaa,” alijitetea.

“Mashine imenitazama saa moja ikaona. Wewe umeninusa miaka miwili.”