Mguu wa Isack

Siku niliyomwambia mama kwamba nimepata nafasi chuoni Kasulu kusomea uongozi wa safari za milimani, aliacha kupepeta maharage akanitazama.

"Yusta, nilikuzaa, ukatambaa, ukasimama dede, ukatembea. Leo unakwenda kusomea kutembea?"

Nikamweleza habari za dira, kamba, mahema, huduma ya kwanza, na wageni wanaotaka kupandishwa milima. Akauliza kama hao wageni hawana mama. Basi nikaondoka hivyo hivyo, bila baraka.

Kile chuo nilikipenda, sitaficha. Ila mtihani wa vitendo wa kwanza nilifeli, maana niliwapoteza wenzangu wote kwenye shamba la miti ambamo hata mbuzi hapotei. Na sheria ilikuwa moja: ukifeli mara ya pili, funga virago. Virago vyangu vingeishia Manyovu, dukani kwa kaka, nikipanga masanduku ya soda huku madereva wa malori wakiniita mchumba. Nilikuwa radhi kula nyasi kuliko kurudi kule.

Mtihani wa pili ulifanyika Kibondo, kwenye milima ya Kitahana. Nilipewa wenzangu wanne niwapandishe hadi juu kwa wakati, Mwalimu Nurudini akitufuata nyuma na filimbi yake. Mwalimu ni mtu wa Tanga, mwenye viatu vya mlimani ambavyo nadhani alikuwa akiviogesha kila jioni. Kufundisha anajua, sitamsingizia, lakini Buha, nchi yetu sisi Waha, alikuwa hajaijua. Alimnong'oneza Isack, mmoja wa wale wanne, ajiangushe njiani na kujifanya amevunjika mguu, ili aone nitamhudumiaje. Kijijini hakumwambia mtu.

Isack naye akachagua pa kuangukia: kando ya shamba la maharage lililojaa watu wanaopalilia. Na akalia. Jamani, alilia!

"Mawe, mama yangu! Mguu wangu! Nakufa!"

Mimi nilijua mara moja kwamba ni igizo. Lakini kwetu, ukilia hivyo mlimani, umeita kijiji kizima. Majembe yote yalilala chini. Kabla sijafungua mkoba wangu wa dawa, wanaume walikuwa wameshakata miti na kufunga shuka, Isack yuko juu ya machela, machela iko mabegani, safari ya zahanati imeanza. Wanawake walifuata nyuma wakimwombea. Na machela kwetu haipitwi: ukikutana nayo njiani, unaingiza bega. Isack alinitazama kutoka kule juu, uso umemshuka.

Ningeweza kunyamaza. Zahanati iko huko huko juu, ningefika kwa wakati na kufaulu, naye Isack angejuana na sindano yake. Lakini mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akilia machozi ya kweli kwa ajili ya mguu mzima, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakimbia mbele, nikapiga magoti kwa Bibi Epifania, mwenye shamba, aliyekuwa akiongoza maombi.

"Bibi, tusamehe. Hajavunjika. Ni mtihani wa chuo."

Machela ikatuliwa. Isack akasimama kwa miguu yote miwili. Kanisani wangepiga vigelegele, pale hakuna aliyekohoa.

"Mtihani," alisema Bibi Epifania. "Mvua inakuja, palizi haijaisha, nyie mnachezea kilio."

Wakarudi shambani bila kutuaga, na kwetu hilo ni tusi.

Mwalimu alitufikia akihema. "Nani kakuruhusu kuvunja igizo? Majeruhi anatibiwa, hatangazwi! Umefeli, Yusta. Umefeli!"

Akageuka kwa hasira kuanza kushuka. Njia ilikuwa bado imelowa mvua ya jana, na udongo wetu mwekundu ukilowa hauheshimu viatu vya mtu. Aliteleza, kifundo cha mguu kikapinda, akaanguka mzima mzima.

"Lahaula! Mguu wangu!"

Kule shambani watu waliinua vichwa, wakacheka.

"Huyu anaigiza kuliko yule wa kwanza!" kijana mmoja akapaza sauti. Hakuna jembe lililolala.

Nilimfunga Mwalimu vijiti na kitambaa. Akalalamika kwamba nimekaza mno, nikakaza tena kidogo. Tukajaribu kumbeba wenyewe, lakini kwa utelezi ule tulimwangusha, akataja watu wa Tanga nisiowajua. Nikamfunika turubai nikawageukia wenzangu.

"Twendeni tukalime."

"Yusta, mtu anaumia!" Isack akasema.

"Amefungwa, amefunikwa, hafi. Siku ya watu tumeiharibu sisi. Na wewe utapewa tuta lenye magugu kuliko yote."

Nilimwendea Bibi Epifania nikamsalimia upya, salamu yetu ile ndefu, kwa mikono miwili: nyumba, watoto, mbuzi, maharage. Asubuhi tulimpita mbio bila salamu kwa sababu ya saa ya Mwalimu. Kisha nikaomba jembe. Akanionyesha pa kuanzia.

Tulilima. Kutoka kwenye nyasi sauti ilitufuata: "Yusta! Hii haimo kwenye mtaala!"

"Nimeshafeli, Mwalimu! Niache nilime!"

Matone ya kwanza ya mvua yalipodondoka, Bibi Epifania alinyoosha mgongo.

"Yule analia kweli?"

"Kweli, bibi."

"Si ndiye amekufelisha?"

"Ndiye. Lakini nimetoka naye, siwezi kumwacha."

Akalaza jembe lake chini. Mengine yakafuata.

Isack aliingiza bega tangu shambani hadi zahanati, na kila alipoomba kupokewa watu walijifanya viziwi. Tulifika tumelowa, saa ya mtihani imepita zamani. Mganga akauliza, "Kiongozi wa msafara nani?"

Nikatazama miguu yangu yenye tope.

"Huyo hapo," Mwalimu akasema kutoka kwenye machela, akininyooshea kidole. "Muulize yeye. Mimi leo ni mzigo tu." Kisha akanigeukia. "Umefaulu, Yusta. Na hivi vijiti vilegeze, nakuomba."

Nilimpigia mama simu nikiwa bado natiririka maji.

"Nimefaulu, mama."

"Walikutembeza sana?"

"Walinilimisha."

"Kulima nilikufundisha mimi," akasema. "Hicho cheti ukilete hapa nyumbani."