Tukutane kwenye Kasa

Mtu aliyebakiwa na Jumapili moja tu kwa mwezi ya kuwa baba haamshwi na saa. Shunsaku alikuwa jikoni tangu alfajiri, viganja vimelowa maji ya chumvi, akifinyanga matonge ya wali na kuyafunga kwa mwani. Ndani ya kila tonge alitia plamu moja ya chumvi, kwa sababu ndivyo watoto walivyopenda walipokuwa wakiishi wote nyumba moja. Hakujiuliza kama bado wanapenda. Mwanamume huyu alikuwa na tabia hiyo: jambo likishakubaliwa nyumbani, kwake limekubaliwa moja kwa moja, hata kama nyumba yenyewe haipo tena.

Siku chache kabla, Natsuno alikuwa amempigia simu. Alikuwa mkewe miaka kumi, na tangu binti yao alipozaliwa alimwita Baba Fumika. Sasa anamwita kama mtu wa benki.

"Bwana Kagawa, samahani kwa usumbufu. Mume wangu Yohei anataka kuwaandikisha watoto kwa jina lake. Naomba hizi Jumapili zisimame, mpaka watakapokuwa wakubwa waamue wenyewe."

"Zisimame kwa nini? Nimewakosea nini?"

"Hujawakosea. Ila Fumika halali. Jumapili yako ikikaribia tu, mtoto hana usingizi, anaamka analia. Nikimuuliza hasemi. Nijibu Jumapili, ukinirudishia watoto."

Shunsaku alikata simu akiwa na jibu lake tayari. Mtoto halali kwa sababu anamkosa baba yake, kuna siri gani hapo? Angeendelea na siku hii moja, angeona kwa macho yake jinsi wanavyomhitaji, halafu angemwambia Natsuno wakaonane mahakama ya familia. Alijihisi ana nguvu kama zamani.

Itsuki, mwenye miaka mitano, ndiye aliyechagua pa kwenda. Alitaka kile kituo cha jiji cha kujifunzia majanga, kwa kuwa mwenzake wa chekechea alijigamba kwamba amepanda gari la zimamoto humo na kuvaa kofia ya kweli. Jumapili watu wa Nagoya hujaa pale na watoto wao, wanazima moto wa bandia, wanatambaa kwenye moshi wa bandia, wanatoka wanacheka.

"Baba, tetemeko kwanza!" Itsuki alidakia mara tu walipovua viatu. "Gari baadaye. Tetemeko kwanza!"

"Wewe si unaogopa hata mashine ya kufulia?" dada yake alimchokoza. Fumika alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza.

"Nilikuwa mdogo!"

"Mwezi uliopita?"

Chumba cha tetemeko kilipambwa kama jiko la nyumba yoyote: meza, kabati, birika. Waliingia watatu, wakaambiwa wakae kama wanaokula. Kisha sakafu ikaanza kutikisika, kwanza polepole, halafu kwa vishindo, na wote watatu wakajitupa chini ya meza. Shunsaku aliwafunika wanawe kwa mwili wake, vichwa vyao viwili vimebanwa chini ya kidevu chake, nywele zao zinanukia sabuni asiyoijua. Hakuwa amewakumbatia wote kwa pamoja tangu alipofungasha na kuondoka. Akaomba moyoni mashine ile iharibike, isijue kusimama.

Ikasimama. "Tena!" akapiga kelele Itsuki.

Walikula kwenye benchi ghorofa ya pili. Itsuki aliuma tonge lake, akakunja uso wote, akatema plamu kwenye kiganja.

"Chachu! Mama anatia samaki na mayonezi."

"Lakini zamani ulikuwa..." Shunsaku alianza.

"Nipe mimi," alisema Fumika upesi. "Mimi napenda." Akala la kwake, akala la mdogo wake, akala na mengine yaliyosalia, bila kupumzika, huku macho yakimwangalia baba yake baada ya kila tonge. Shunsaku alifurahi kuona boksi tupu. Hakuona kwamba mtoto alikuwa akimeza kwa shida.

Mchana waliitwa kwenye ukumbi mkubwa. Aliyeongoza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, koti la rangi ya machungwa na filimbi shingoni. Wote walimwita Afande Morikawa.

"Wanangu!" alinguruma. "Siku ya tetemeko kuna vumbi. Ukipiga kelele, koo linakauka. Mikono haikauki! Ukimwona mtu wako kwa mbali nawe ni mzima, fanya hivi." Akainua mikono juu ya kichwa, akaunganisha vidole, ikawa duara kubwa. "Maana yake: mimi mzima, usihangaike. Na yeye lazima ajibu vivyo hivyo. Asiyejibu, tunajua kaumia, na lazima mtu amfuate. Haya, wote!"

Ukumbi mzima ukawa wa maduara. Itsuki alifanya lake hadi akaanguka.

Kisha Afande akaonyesha sakafu. Ilikuwa ramani ya jiji lote, mto wa buluu ukikata katikati, mitaa, shule na bustani zimechorwa kwa ukubwa wa kukanyagika. Aliwatawanya watu wa kila familia, huyu kona hii, yule kona ile. "Taa zitazimika. Zikirudi nusu, kila mtu atembee kimyakimya hadi pale familia yake ilipokubaliana kukutana. Kuitana marufuku. Leo tutajua nani wanazungumza nyumbani na nani wanatazama runinga tu!"

Watu wakacheka. Taa zikazimika, king'ora kikalia.

Shunsaku hakusita hata kidogo. Nyuma ya nyumba yao ya zamani kulikuwa na bustani ndogo yenye kasa wa saruji, mgongo umesuguliwa na makalio ya watoto. Kila tarehe mosi Septemba, nchi nzima inapofanya mazoezi ya kujikinga na majanga, alikuwa akimbeba Fumika mabegani na kumuuliza, tukipotezana tukutane wapi? Naye mtoto hujibu kwa sauti ya kuamsha majirani: kwenye kasa! Basi taa ziliporudi nusu akatembea, akaipata bustani hiyo kwenye ramani, akasimama juu yake akitabasamu, akingoja.

Taa zikawaka. Huku na huko familia zilikuwa zimekumbatiana. Juu ya bustani ya kasa alikuwa peke yake. Fumika na Itsuki walisimama ng'ambo ya mto, mkono kwa mkono, kwenye uwanja wa shule ya mtaa wanaoishi sasa.

"Loo! Baba wa sweta la kijivu!" Afande Morikawa alimwona. "Umeingia mitini, baba? Wanao wako kule! Ndio hawa kina baba zetu, kikao cha familia kinafanywa, yeye anakoroma! Kijana, mwambie baba yako mnakutana wapi!"

Itsuki alijaza pumzi kifuani, fahari tupu. "Shuleni! Mama anakuja, na Baba Yohei anakuja na gari!"

Kicheko kilikatika ghafla. Mama mmoja alijitia kumfunga mwanawe kifungo. Afande masikio yakamwiva, akapuliza filimbi na kuigeukia familia nyingine. Shunsaku alibaki na tabasamu lake usoni, hajui pa kulipeleka. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona hata siku ya talaka.

Fumika aliuachia mkono wa mdogo wake. Alitembea kwa soksi, akavuka mto wa buluu, akaja kusimama mbele ya baba yake. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilijua tu utakuja hapa," alisema kwa sauti ya chini.

"Mazoea tu, mwanangu. Nimejisahau."

"Hujajisahau. Ikitokea kweli utakuja. Utatungoja."

"Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Baba, hatuji." Sasa machozi yalimtoka. "Madaraja yatafungwa. Na Mama amesema tukae shuleni. Wewe utakaa hapa peke yako. Watu watakwambia twende, wewe utasema ngojeni kidogo, wanangu wanakuja. Moto utafika na wewe hutoki. Naota hivyo. Kila nikijua unakuja, naota. Nilimwomba Mama akwambie usiende kwenye kasa, akasema wewe ni mtu mzima, utajua mwenyewe. Lakini wewe hujui, Baba."

Shunsaku akachuchumaa mbele yake. Alikuwa ametoka nyumbani kutafuta dalili kwamba watoto wake wanamhitaji. Alichokuta ni mtoto wa miaka tisa anayemlea baba yake hadi usingizini, anayekula plamu asizozipenda ili baba asifedheheke. Kumbe usingizi wa mtoto ulikuwa unapotelea kwake, kwa ubishi wake wa kusimama palepale.

"Nisikilize," alisema. "Sitakwenda kwenye kasa."

"Toa kidole."

Alitoa kidole kidogo, akakifunga kwenye kidole kidogo cha bintiye, kama walivyokuwa wakifunga ahadi za kupiga mswaki.

"Utakwenda wapi?"

"Mtaani kwangu kuna ukumbi. Kuna mablanketi, kuna supu, kuna wazee wanacheza karata. Wananijua wote. Sitakuwa peke yangu." Hakuwa amewahi kukanyaga ukumbi huo, wala hakumjua mzee hata mmoja.

"Na hutakuja kututafuta?"

Nyuma yao Itsuki alikuwa akirukaruka juu ya shule yake.

"Sitakuja," alisema.

Fumika alivuta kamasi, akajifuta kwa mkono wa nguo, na mabega yake yakashuka. Baadaye, Itsuki alipokuwa juu ya gari la zimamoto akipiga honi na kuvaa kofia iliyomfunika pua, msichana alimwegemea baba yake kwenye benchi akalala fofofo, mdomo wazi. Shunsaku hakusogea hadi bega likafa ganzi. Jumapili yake ndiyo iliyokuwa ikimletea mtoto ndoto hizo; alijua sasa jibu atakalotoa, na alimwomba Mungu yeyote anayesikiliza mambo kama hayo asimwachie nafasi ya kubadili nia.

Natsuno aliwangojea stesheni, mbele ya vizuizi vya tiketi. Alisimama kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Mama, tulitikiswa!" Itsuki alimrukia. "Na Baba kapotea kwenye ramani!"

"Bwana Kagawa," alisema Natsuno. "Kuhusu lile jambo."

"Nimekubali. Zisimame."

Mwanamke alikuwa na hoja zake zote tayari, zikamwishia mdomoni. "Baba Fumika..."

"Atalala sasa," alisema Shunsaku. "Asipolala, mwambie nimesema nitatimiza. Atajua. Na Yohei ajifunze kwenda shuleni kwa miguu. Asitegemee gari, barabara zitajaa."

"Nitamwambia."

Aliwashika watoto vichwa, mmoja huku, mwingine kule. Hakuwaambia kitu, mama yao angewaambia nyumbani, pole pole. Akawaaga kama anavyowaaga kila mwezi, akawaangalia wakipita kwenye vizuizi, kofia ya kitambaa ya Itsuki imekaa upande.

Karibu na ngazi Fumika alisimama, akageuka. Watu walipita kati yao, mabegi, miavuli, mikokoteni ya watoto. Msichana aliinua mikono juu ya kichwa, akaunganisha vidole, akafanya duara. Kisha hakushuka ngazi. Mama alimvuta, treni ilikuwa ikiingia, yeye akang'ang'ania pale, macho kwa baba yake, akingoja.

Asiyejibu kaumia, na lazima mtu amfuate.

Shunsaku aliinua mikono. Ilikuwa mizito, na ule wa bega lililokufa ganzi ulikataa kunyooka, lakini aliipandisha, akaunganisha vidole juu ya kichwa, duara kubwa kuliko la Afande Morikawa. Tena akatabasamu. Fumika akatikisa kichwa kukubali, akamshika mdogo wake mkono, wakashuka ngazi.

Treni ikaondoka. Abiria wa nyuma walimkwepa, mmoja akamwomba radhi kwa kumgusa. Alikuwa bado amesimama palepale, mikono juu, machozi yakimtiririka hadi shingoni, akimwambia mtu asiyekuwepo tena kwamba yeye ni mzima.